Faiba kwenye Buti: Unanunua Lita, Hununui Sauti

Fungua buti la Toyota IST, kunja kapeti, kisha tazama pembeni, nyuma ya tao la gurudumu. Pana uwazi pale. Si duara wala si mraba. Bati limepinda kufuata tairi, likapinda tena kuipisha taa ya nyuma, halafu likaishia kwenye kona isiyoingia hata ngumi. Seremala hana mbao ya kuujaza uwazi huo. Akilazimisha, atakuletea kiboksi cha pembe nne kinachokaa mle kama tofali ndani ya beseni, na nafasi yote iliyobaki pembeni imekwenda bure.

Ni kwa ajili ya uwazi wa namna hiyo watu walianza kutengeneza maboksi ya sabufa kwa faiba, yaani mkeka wa nyuzi za kioo uliolowekwa rezini ukaachwa ugande. Lakini waulize mafundi redio wa Kariakoo, au vijana wanaofungua mabuti ufukweni Jumapili jioni, na utaambiwa jambo jingine: kwamba faiba "inapiga kavu", kwamba ina besi ambayo mbao haina. Niliwahi kuliamini hilo, nikatumia wikendi tatu na sehemu ya mapafu yangu kulithibitisha. Sasa siliamini tena. Faiba haina sauti yake. Kinachonunuliwa pale ni nafasi, na asiyeihitaji nafasi hiyo anailipia ghali bila sababu.

Tuanze na hewa, maana ndiyo inayofanya kazi. Koni ya sabufa ikisukuma hewa mbele, upande wake wa nyuma unavuta hewa wakati huohuo. Bila boksi, pande hizo mbili zinafutana, na spika ya inchi 12 inakuwa na besi ya redio ya mkulima. Boksi linaifungia ile hewa ya nyuma, na hewa iliyofungiwa inageuka springi: ukiibana inasukuma, ukiivuta inavuta. Mmarekani Edgar Villchur ndiye aliyeifanya springi hiyo kuwa faida mwaka 1954. Badala ya kuishikilia koni kwa mshiko mgumu, aliulegeza mshiko na kuiachia hewa ya boksi dogo kazi ya kuirudisha koni mahali pake. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, akachapisha hesabu za maboksi yenye tundu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small akaziendeleza na kuyashughulikia pia maboksi yaliyofungwa. Ndiyo sababu karatasi inayokuja na sabufa ya maana huwa na herufi za ajabuajabu: Fs, yaani mlio wa asili wa spika; Qts, yaani jinsi mlio huo unavyodhibitiwa; na Vas, yaani lita za hewa zenye ugumu sawa na mshiko wa koni.

Herufi hizo zinatisha kuliko zinavyostahili. Chukua sabufa ya mfano yenye Fs ya Hz 30, Qts 0.45 na Vas ya lita 60. Gawa 60 kwa lita za boksi lako, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 0.45 upate Q ya mfumo mzima, au kwa 30 upate mlio wake wa asili. Boksi la lita 41 linakupa 0.7, na mlio wa asili wa mfumo mzima unakaa kwenye Hz 47. Boksi la lita 20 linakupa 0.9 na Hz 60. La lita 10 linakupa karibu 1.2 na Hz 79. Kwenye 0.7 besi imelala sawa, haina nundu. Kwenye 0.9 kuna kinundu kidogo ambacho wengi hukipenda. Ukivuka 1 kwa mbali, spika inaanza kuwa na neno moja tu kinywani: kila noti inatoka kama jirani yake. Waya mnene wa gitaa la besi hulia Hz 41, kwa hiyo mpenzi wa muziki wa dansi atajua mara moja kilichopotea. Mpenzi wa singeli huenda asijue mapema, kwa sababu ngoma za singeli zinakimbia mno. Atakachokisikia ni matope, pigo la kwanza halijaisha la pili limeshafika.

Rudia kuisoma hesabu hiyo. Hakuna mahali inapouliza boksi limetengenezwa kwa kitu gani. Mbao, faiba, hata zege ukitaka. Inachouliza ni lita ngapi.

Halafu kuna gari lenyewe, ambalo ni boksi la pili, na wewe umekaa ndani yake. Katika chumba kidogo kama cha IST, masafa yaliyo chini ya Hz 60 au 70 hivi hayana pa kunyooshea wimbi. Spika inabaki kubana na kuachia hewa ya chumba kizima, na kadiri mlio unavyoshuka ndivyo shinikizo linavyopanda. Kwa nadharia kupanda huko hufikia desibeli 12 kwa kila oktavi, na boksi lililofungwa huporomoka kwa kiasi hichohicho. Kimoja kinamfidia mwenzake. Katika gari halisi fidia si kamili, maana milango inatikisika na hewa inavuja kwenye mipira, lakini inatosha kueleza kwa nini lita 20 ambazo sebuleni zingeonekana uchoyo, kwenye gari dogo zinaitikisa pua. Na lita 20 na ushee ndizo ile kona ya buti inazoweza kutoa. Hapo ndipo faiba inapoanza kuwa na hoja.

Sasa ugumu wa kuta, ambao ndio mafundi huuita "ukavu". Koni ya inchi 12 ina eneo la sentimita za mraba kama 500. Ikisogea ndani sentimita 1, imebana nusu lita ya hewa, na katika boksi la lita 20 shinikizo linapanda kwa paskali 3,500 hivi. Kwenye ukuta wa sentimita 30 kwa 30 hiyo ni sawa na uzito wa kilo 32, mtoto wa darasa la nne amesimama juu yake, kisha anavutwa upande wa pili, kisha anasimama tena, mara 40 kwa sekunde. Ukuta ukicheza, unaiba nguvu ya koni na kuongeza sauti yake mwenyewe.

Mkeka wa kawaida wa gramu 450 kwa mita ya mraba huacha unene wa takriban milimita 1 kwa tabaka. Weka matabaka sita, upate milimita 6. Ukikilinganisha kipande bapa cha faiba hiyo na kipande bapa cha MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa) ya milimita 18, MDF inashinda kwa ugumu wa kutopinda zaidi ya mara kumi. Si kosa la faiba. Kwa unene uleule ingeishinda MDF. Ni kwamba unene ukizidishwa mara 2, ugumu wa kupinda unazidi mara 8, na hakuna mtu mwenye fedha wala subira ya kujenga faiba ya milimita 18.

Kinachoiokoa ni mviringo. Kifuu cha nazi ni chembamba, lakini unakikalia na hakisemi kitu. Kivunje upate kipande kilicholala bapa kidogo, na vidole viwili vinakimaliza. Faiba nayo ni hivyo. Ikipinda kufuata kona ya gari, ganda la milimita 6 linakuwa gumu kupita matarajio. Ikinyooshwa bapa kama ubao, ni ngoma. Kwa hiyo boksi zuri la faiba si la faiba tupu: uso unaobeba spika ni MDF, na faiba ni tumbo tu. Nikiona boksi la pembe nne lililonyooka, limefunikwa faiba kuanzia juu hadi chini "ili lipige kavu", najua mwenyewe amelipia msasa.

Kuna hoja nyingine hupenda kutolewa, kwamba kuta zisizo sambamba huzuia mwangwi ndani ya boksi. Kweli, lakini si kwa sabufa. Wimbi la Hz 40 lina urefu wa mita 8.6, zaidi ya mara mbili ya urefu wa IST yenyewe. Ndani ya boksi la sentimita 40 mwangwi wa kwanza unaanzia karibu Hz 430, na sabufa kwa kawaida hukatwa kwenye Hz 80. Hoja hiyo ipeleke mlangoni na kwenye kona za miguuni, kwa spika za sauti ya kati. Huko pembe ya spika na umbali wake mpaka kila sikio vinasikika waziwazi, na huko faiba inastahili sifa kuliko kwenye buti. Ajabu ni kwamba karibu kila anayeanza huanzia kwenye buti, mimi nikiwemo.

Kazi yenyewe inaanza kwa tepu ya wapiga rangi. Unaibandika juu ya bati na kapeti, matabaka mawili yanayopishana, kisha karatasi ya foili, kisha nta ya kung'arishia gari, ili ganda libanduke. Mimi niliacha ufa wa upana wa kidole karibu na bawaba. Rezini iliuona kabla yangu. Sehemu hiyo ya kapeti iligeuka ubao, na hadi gari linaondoka mikononi mwangu ilikuwa hivyo.

Ndani ya gari unalaza tabaka moja au mawili tu, unasubiri yagande, unalitoa ganda na kulimalizia uani. Brashi haipakwi kama rangi. Inagongwagongwa, ili mkeka unywe na mapovu ya hewa yatoke. Nyuzi nyeupe zinapoanza kupotea na kuwa kama ngozi ya kitunguu kilichokaangwa, tabaka limeiva. Kwa uzito, rezini iwe mara 2 hadi 2.5 ya mkeka. Mita moja ya mraba kwa matabaka sita inakula mkeka kilo 2.7 na rezini kama kilo 6, kwa hiyo anayekuambia kwamba kopo la kilo moja linatosha hajawahi kujenga. Rezini ya kujengea, isiyo na nta, hubaki inanata juu, na wanaoanza hudhani imeharibika. Hewa ndiyo inayoizuia kukauka kabisa usoni, na huo mnato ndio unaoshika tabaka linalofuata.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda, kuwamba. Unakata duara la MDF litakaloshika spika, unalisimamisha kwa vijiti vilivyogundishwa mahali hasa unapotaka uso uwe, halafu unatandaza kitambaa kinachovutika juu ya kila kitu. Mimi nilitumia blanketi jepesi la flisi la mtumba. Unavuta huku, unapigilia pini za stepla. Unavuta kule, unapigilia. Mpaka mikunjo iishe na ukikigonga kitambaa kwa kidole kinaitika. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa kweli kila pini inauvutia uso upande wake. Ukianza na upande mmoja hadi mwisho, spika itatazama dari. Pini zinakwenda kwa kukabiliana, kushoto na kulia, juu na chini. Baada ya hapo ndipo kitambaa kinanyweshwa rezini, na saa moja baadaye blanketi la mtu wa Ulaya limekuwa umbo ambalo hakuna seremala angelichonga.

Joto la Dar es Salaam lina yake. Hadina, yaani dawa ya kugandisha, huwekwa asilimia 1 hadi 2 ya rezini: kwa gramu 300 ni mililita 3 hadi 6, za kupimwa kwa bomba la sindano. Saa saba mchana, mwezi wa Februari, nilimimina kwa macho. Kabla sijamaliza kupaka robo ya ganda, kikombe kilikuwa na jeli, kikawa cha moto, kikatoa moshi, kikajikunja mkononi mwangu. Rezini hutoa joto yenyewe inapoganda, na ikiwa imerundikana kwenye kikombe joto hilo halina pa kwenda. Siku hizi nachanganya kidogokidogo, kwenye sinia pana, alfajiri. Mama mwenye nyumba alitoka siku ile akiwa ameziba pua kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, huko nyuma unapika nini? Wali wangu wote unanuka rangi."

Alikuwa na haki kuliko nilivyokubali. Harufu ile ni stairini, kiyeyusho kilichomo ndani ya rezini ya poliesta. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa, hata zile za wakati wa korona, haizuii mvuke. Inayotakiwa ni yenye vichujio vya mkaa. Tone la hadina likiingia jichoni linaweza kulipofusha, na dawa ya papo hapo ni maji mengi, robo saa nzima, huku mtu anapelekwa hospitali. Hadina isichanganywe kamwe moja kwa moja na kichocheo cha kobalti. Viwili hivyo vikikutana bila rezini katikati vinaweza kulipuka. Vumbi la kupiga msasa halina hatari ya ghafla namna hiyo, ila ni upupu mtupu. Nililala na mikono nje ya shuka siku mbili. Mwenye chumba kimoja na watoto wadogo asifanye kazi hii nyumbani hata kidogo, na hapo sioni cha kujadili.

Je, umpe fundi? Vifaa vipo. Rezini na mkeka ni vilevile vinavyojengea boti za uvuvi pwani na matangi ya maji, na ni faiba iliyotengeneza bodi nzima ya Chevrolet Corvette ya mwaka 1953. Tatizo la fundi si ujuzi, ni saa. Matabaka sita yanataka siku kadhaa, na mteja anataka gari jioni. Kishawishi ni kuweka matabaka mawili, kisha kujaza puti juu mpaka umbo linyooke, kupiga msasa na kufunika kapeti. Kwa macho hakuna tofauti. Baada ya miezi kadhaa ya besi puti inapasuka, na boksi linaanza kukohoa. Kwa hiyo mwombe fundi akuwekee kipande chochote alichokikata ukingoni mwa ganda. Unene wa ukingo wake hauwezi kudanganya: nyuzi za kioo zinaonekana kama kurasa za kitabu, na puti inaonekana kama chaki. Ukiona chaki nene kuliko kurasa, zungumzeni upya bei.

Nairobi imewaharibu wengi kwa imani hii kwamba faiba ina besi yake, na nalisema kwa upendo. Anayepanda nganya zake, yaani matatu zilizopambwa, anashuka ametikiswa kifua na kushiba macho kwa umbo la kila spika na kila taa, anahitimisha kwamba mapambo na mtikisiko vina chanzo kimoja. Katika basi nafasi si tatizo. Maboksi ya mbao yenye lita za kutosha yana pa kukaa, na faiba ikiwekwa mle huwa kazi yake ni ya macho. Hilo nalo ni jambo halali. Mtu akiniambia anataka faiba kwa sababu anaipenda inavyoonekana, sina la kumwambia.

Kupima lita za umbo lisilo na jina ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya kuufunga uso, nililiegemeza ganda ukutani, nikamimina mahindi makavu mpaka mdomoni, kisha nikayamwaga kwenye ndoo ya lita 10. Ndoo mbili na kidogo: lita 23. Nikatoa lita 2 kwa ajili ya mwili wa spika na vijiti vya kukazia. Mahindi yalirudi jikoni, yakakataliwa, yakaenda kwa kuku. Baada ya kufunga, unaibonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa na kuiachia: ikirudi polepole boksi halivuji, ikirudi kama kitu kilichoshtuka kuna tundu, na kwa kawaida ni pale waya unapopita.

Mengine ni ya haraka. Boksi lifungwe kwa boliti, maana kilo 20 zisizofungwa zinakuja mbele gari likisimama ghafla. Amplifaya ya wati 1,000 halisi inaweza kuvuta ampea 90, na alteneta ya gari dogo ina kazi nyingine. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na amplifaya. Na usijenge juu ya tairi la akiba. Niliwahi kupata pancha usiku katikati ya hifadhi ya Mikumi, na kama ningelazimika kufungua boliti nane ili kulifikia tairi, huenda habari hii ingeandikwa na mtu mwingine.

Hesabu moja sikuipiga mwanzoni. Ganda lililofinyangwa kwa kona ya gari moja haliingii gari jingine, hata la kampuni ileile. IST niliiuza miaka miwili baadaye, na mnunuzi, baba wa watoto watatu, hakutaka kelele. Duara la MDF, sabufa na amplifaya vilihamia kwenye boksi jipya la mbao, la lita 41, nililolijenga Jumamosi moja kabla ya adhuhuri, nalo ndilo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Ganda la faiba lipo uani, limeegemea ukuta uleule. Kuku wa mama mwenye nyumba ameingia mle tangu wiki iliyopita, na ana mayai tisa.